Sufuria ya Presha ya Kusindikia Nyama: Fahamu Kabla ya Kununua



Kiangazi kinapoanza kurefuka, kila boma hufika mahali pa kuamua: tuuze, tuchinje, au tungoje mvua? Anayengoja sana huishia kuchinja mnyama aliyebaki ngozi na mifupa, au kuburuta mzoga. Anayechinja mapema, mnyama akiwa bado na mwili, hupata nyama nzuri, lakini hupata pia swali jingine: nyama yote hii itakaa wapi, jua likiwa kali hivi na friji hakuna?

Njia za zamani unazijua. Nyama hukatwa vipande virefu, ikaanikwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake. Wengine huiita nyirinyiri, Waborana huiita koche. Lakini huenda pia umesikia habari za kusindika nyama kwenye chupa za kioo kwa kutumia sufuria ya presha. Njia hiyo ni ya kweli na inafaa, lakini sufuria yake ni ghali, na ikichaguliwa vibaya au ikitumiwa vibaya inaweza kuua watu wa nyumba nzima kwa mlo mmoja. Somo hili litakusaidia kujua kama sufuria hiyo inafaa kwa boma lako, na kama inafaa, uangalie nini kabla ya kutoa pesa.

Soma somo hili pamoja na mwenzako wa nyumbani na vijana wenu. Anayetoa pesa na atakayesimama jikoni wote wanapaswa kuelewa jambo moja.

KWA NINI KUCHEMSHA TU HAKUTOSHI

Katika udongo wa malisho, kwenye kinyesi na juu ya ngozi ya mnyama kuna kijidudu ambacho hujifunga ndani ya ganda gumu, kama mbegu inayongoja mvua. Ganda hilo haliuawi na maji yanayochemka. Unaweza kuchemsha nyama saa nzima, mbegu hiyo ikabaki hai.

Nyama ikiwa wazi, mbegu hiyo haina madhara makubwa, kwa sababu haipendi hewa. Lakini ukiifungia ndani ya chupa isiyo na hewa, yenye unyevu na isiyo na ukali wa asidi, umeipa nyumba nzuri. Huota, huzaana, na kutoa sumu kali sana. Ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo huitwa botulizimu.

Wewe mfugaji unaweza kuwa umeuona ugonjwa huu kwa ng'ombe. Malisho yakikosa madini ya fosforasi, ng'ombe hutafuna mifupa ya mizoga. Baadaye hulegea miguu, hushindwa kusimama, hushindwa kumeza, kisha hufa akiwa hana homa. Ile ni sumu ya jamii hiyohiyo. Kwa binadamu pia ugonjwa huu umeshaonekana kwetu: ripoti za kitabibu zilizochapishwa mwaka 1979 na 1980 zilieleza wagonjwa wa botulizimu nchini Kenya, moja ikihusu wafugaji wa kuhamahama na nyingine watu waliokula kumbikumbi.

Ili kuua mbegu ya kijidudu hiki ndani ya nyama, joto linatakiwa lifike kati ya nyuzi 116 na 121 za Selsiasi, na likae hapo kwa muda uliopimwa. Maji katika sufuria ya kawaida hayapiti nyuzi 100, hata uongeze kuni kiasi gani. Mahali pa juu kama Narok au Maralal huchemka kabla hata ya kufika 95. Ni mvuke uliobanwa peke yake unaoweza kufikisha joto hilo. Hiyo ndiyo kazi ya sufuria ya presha.

Kumbuka: Chumvi, pilipili, kitunguu saumu na mafuta juu ya nyama havizibi pengo la joto. Ndani ya chupa hizi, chumvi ni ya ladha tu.

JE, BOMA LAKO LINAHITAJI SUFURIA HII?

Usianze na bei. Anza na maswali haya manne.

1. Je, mnahama?
Chupa za kioo hazipendi mgongo wa punda wala wa ngamia. Familia inayohama mara mbili au tatu kwa mwaka itapoteza nyingi njiani. Nyirinyiri ndani ya chombo cha kienyeji au cha plastiki husafiri vizuri zaidi. Sufuria hii inafaa familia ambayo angalau sehemu yake imetulia: wazee, akina mama wenye watoto wa shule, au nyumba iliyo karibu na kituo cha biashara.

2. Mna kiasi gani cha nyama kwa wakati mmoja?
Chupa moja ya lita moja hubeba karibu kilo moja ya nyama isiyo na mfupa, pungufu kidogo. Sufuria ya kawaida huingiza chupa saba. Kwa hiyo mpiko mmoja ni kilo sita hivi za nyama. Mbuzi mmoja wa kawaida humalizika kwa mpiko mmoja, au mmoja na kidogo.

Ng'ombe ni hesabu nyingine. Ng'ombe wetu wa kienyeji anaweza kutoa kilo 70 au zaidi za nyama isiyo na mfupa. Hiyo ni mipiko zaidi ya kumi. Mpiko mmoja, tangu kuwasha moto mpaka sufuria kupoa, huchukua saa tatu au zaidi. Ukifanya mipiko mitatu kwa siku, utahitaji siku nne, na nyama itakuwa imeoza siku ya pili. Kwa hiyo ukichinja ng'ombe, panga hivi: nyingine iliwe na kugawanywa, nyingi ianikwe, na sehemu ndogo tu isindikwe kwenye chupa.

3. Chupa zitakaa wapi baadaye?
Hili husahaulika mara nyingi. Chupa zilizosindikwa vizuri hutakiwa kukaa mahali penye kivuli na baridi. Joto la mahali pa kuhifadhia likipita nyuzi 35, nyama inaweza kuharibika ndani ya chupa hata kama ilipikwa sawasawa. Wakazi wa Lodwar, Garissa, Wajir na Mandera wanajua kwamba joto hilo ni la kila siku kwao kwa miezi mingi, na ndani ya nyumba ya mabati huwa ni kali zaidi. Kama huna nyumba ya udongo yenye ukuta mnene na paa la nyasi, au mahali pengine panapobaki baridi mchana, nyirinyiri ni chaguo bora kuliko chupa. Familia za nyanda za juu kama Narok, Kajiado, Maralal, Marsabit au Monduli wana nafasi nzuri zaidi.

4. Mna moto unaotawalika?
Presha inatakiwa ikae palepale kwa dakika 75 au 90 bila kushuka. Ikishuka chini ya kipimo hata mara moja, unaipandisha tena na kuanza kuhesabu dakika upya tangu mwanzo. Moto wa mafiga matatu na upepo wa alasiri hufanya kazi hii kuwa ngumu sana. Jiko la gesi ndilo rahisi kuliongoza.

Kama majibu yako kwa maswali haya ni mazuri, endelea kusoma. Kama si mazuri, usione haya. Umeokoa bei ya mbuzi kadhaa, na njia ya kukausha uliyoachiwa na wazazi bado ni njia nzuri.

PRESHA KUKA SI SUFURIA YA KUSINDIKIA

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Madukani kuna presha kuka, ile sufuria ndogo ya kupikia maharage na nyama ngumu. Ni chombo kizuri na huokoa kuni. Lakini si chombo cha kusindikia nyama kwenye chupa.

Tofauti yao ni hii. Presha kuka ni ndogo na nyepesi, kwa hiyo hupata moto haraka na kupoa haraka. Muda wa kusindika uliopimwa na wataalamu ulihesabu pia joto la wakati sufuria kubwa inapopanda na inapopoa polepole. Ukitumia chombo kidogo, sehemu hiyo ya joto inapotea, na katikati ya chupa nyama haipati joto la kutosha. Kwa macho, chupa itaonekana sawa kabisa.

Kanuni ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo iliyopima ratiba zinazotumiwa katika somo hili, ni kwamba sufuria ya kusindikia iwe na uwezo wa kusimamisha angalau chupa nne za lita moja juu ya wavu wake, mfuniko ukiwa umefungwa. Sufuria ya namna hiyo huwa na ujazo wa lita 15 hivi au zaidi. Muuzaji akikuambia kwamba presha kuka ya lita tano au saba "inafanya yote", usimkubalie. Vilevile majiko ya umeme yenye vitufe vingi hayafai kwa kazi hii, hata kama yana kitufe chenye jina la kusindika.

MAMBO SABA YA KUANGALIA DUKANI

1. Ukubwa
Chagua ya lita 15 hadi 22. Ya lita 15 huingiza chupa saba za lita moja. Ya lita 22 huingiza saba zilezile za lita moja, lakini ni ndefu, hivyo chupa za nusu lita zinaweza kupangwa tabaka mbili. Kama familia yako ni ndogo na hamna friji, chupa za nusu lita zinafaa zaidi, kwa sababu chupa ikifunguliwa lazima iliwe siku hiyohiyo. Kwa familia ya namna hiyo, sufuria ndefu ni bora.

2. Kipimo cha presha
Kuna aina mbili. Ya kwanza ina geji yenye mshale, kama ile ya kupimia upepo wa tairi. Ya pili ina kizito kidogo cha chuma kinachokaa juu ya tundu la mvuke, na ambacho hutikisika na kulia presha ikifika.

Geji ya mshale huonyesha kila kipimo, lakini huharibika ikianguka au ikitikisika sana njiani, na inatakiwa kupimwa usahihi wake kila mwaka. Jiulize: katika wilaya yako ni nani atakayeipima? Kizito hakina mshale wa kudanganya wala hakihitaji kupimwa. Unakisikiliza tu. Kwa mazingira yetu, kizito ndicho bora. Hakikisha kina alama za pauni 5, 10 na 15, au angalau 10 na 15. Sufuria nyingine zina vyote viwili, geji na kizito. Hizo pia ni nzuri, mradi uongozwe na kizito.

3. Mfuniko na jinsi unavyofunga
Sufuria nyingi hufungwa kwa mpira unaozunguka ukingo wa mfuniko. Mpira hukauka, hupasuka na kulegea, hasa mahali penye joto na vumbi. Zipo sufuria nzito ambazo hazina mpira. Chuma hukaa juu ya chuma na mfuniko hukazwa kwa skrubu pande zote. Hizo ni ghali zaidi na nzito, lakini hudumu miaka mingi bila kutafuta vipuri. Kwa kikundi kinachotumia sufuria moja, gharama hiyo inaweza kuwa na maana.

4. Tundu la mvuke na valvu ya usalama
Lazima mfuniko uwe na tundu la kutolea mvuke na, mbali na hilo, valvu au kizibo cha usalama kinachofunguka chenyewe presha ikizidi. Ukichungulia tundu la mvuke kuelekea kwenye mwanga, uone mwanga upande wa pili. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha valvu ya usalama, usinunue.

5. Wavu wa chini na kijitabu
Chupa hazikai moja kwa moja juu ya chuma cha chini, maana hupasuka. Wavu lazima uwepo. Kijitabu cha maelekezo nacho kiwepo, na kiseme wazi kwamba sufuria hiyo imetengenezwa kwa kusindika, si kupika tu. Kitafute pia kinachosemwa juu ya aina ya jiko linaloruhusiwa.

6. Vipuri
Uliza bei na mahali pa kupata mpira, kizibo cha usalama na kizito. Kama vipuri havipatikani nchini, nunua mpira mmoja wa akiba na kizibo kimoja siku hiyohiyo. Sufuria isiyo na mpira ni beseni la kunyweshea ndama.

7. Mtumba
Sufuria iliyotumika inaweza kuwa nafuu, lakini ikague kwa makini. Weka mfuniko juu ya meza iliyo sawa: ukicheza, umepinda. Tazama kama kuna ufa au kutu kwenye makali, kama mpira umekauka, kama kizito ni chake kweli. Usikubali kizito cha sufuria nyingine, wala jiwe au waya badala ya kizito. Kabla ya kutia nyama, ijaribu kwa maji matupu, watoto wakiwa mbali.

MWINUKO WA MAHALI UNAPOISHI

Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, ndivyo presha inavyotakiwa kuwa kubwa zaidi. Muda haubadiliki, kinachobadilika ni pauni.

Kwa sufuria ya kizito:
- Chini ya mita 300: pauni 10. Mfano: Garissa, Wajir, Mandera.
- Juu ya mita 300: pauni 15. Mfano: Lodwar, Isiolo, Moyale, Marsabit, Kajiado, Narok, Arusha, Longido.

Kwa sufuria ya geji ya mshale:
- Mita 0 hadi 600: pauni 11.
- Mita 600 hadi 1,200: pauni 12. Mfano: Isiolo, Moyale.
- Mita 1,200 hadi 1,800: pauni 13. Mfano: Marsabit, Kajiado, Arusha.
- Mita 1,800 hadi 2,400: pauni 14. Mfano: Narok, Maralal.

Boma lililo mlimani linaweza kuwa juu zaidi ya mji wake. Muulize afisa ugani au mwalimu wa shule, au tazama kwenye simu inayoonyesha mwinuko. Ukiwa mpakani mwa vipimo viwili, fuata kile cha juu.

CHUPA NA MIFUNIKO YAKE

Tumia chupa za kioo zilizotengenezwa kwa kusindika, za nusu lita au lita moja, zenye mdomo mpana. Chupa za jemu, asali au kahawa hazikutengenezwa kwa presha. Hupasuka au mfuniko wake haufungi tena. Usitumie chupa kubwa kuliko lita moja kwa nyama, kwa sababu joto halifiki katikati.

Mfuniko bora una sehemu mbili: kisahani chenye ukingo wa mpira, na pete ya kukazia. Pete hutumika tena na tena. Kisahani hutumika mara moja tu. Hii ni gharama ya kila mwaka, iingize kwenye hesabu yako kabla ya kununua sufuria. Sufuria bila visahani vipya haina kazi.

HATUA ZA SIKU YA KAZI

1. Chinja mnyama mzima wa afya. Mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyeanguka ghafla na kutoka damu puani, usimguse wala usimpasue. Inaweza kuwa kimeta. Mwite afisa mifugo. Sufuria ya presha haigeuzi mzoga kuwa chakula. Pia usichinje mnyama aliyedungwa dawa kabla muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa ya dawa haujaisha.

2. Nyama ifanyiwe kazi siku hiyohiyo. Toa mifupa na mafuta mengi, kata vipande vidogo, kisha vichemshe au vikaange kidogo mpaka viive nusu.

3. Osha chupa kwa maji moto na sabuni, suuza vizuri. Kagua mdomo wa kila chupa kwa kidole. Yenye pengo iweke kando.

4. Jaza nyama ya moto na mchuzi wake au maji yanayochemka. Acha nafasi ya sentimita mbili na nusu juu. Toa mapovu ya hewa kwa kijiti safi. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kwa sababu mafuta kidogo tu yanazuia mfuniko kunata. Funga pete kwa nguvu ya vidole, usiikaze kwa mkono mzima.

5. Weka wavu ndani ya sufuria na maji ya moto yenye kina cha sentimita tano hadi saba. Hakuna haja ya kufunika chupa kwa maji. Panga chupa, funga mfuniko.

6. Acha tundu wazi, bila kizito. Mvuke ukianza kutoka kwa nguvu bila kukatika, hesabu dakika 10 kamili. Hewa iliyomo ndani lazima itoke yote, la sivyo presha itaonekana sawa lakini joto halitafika. Baada ya dakika 10, weka kizito.

7. Presha ikifika kipimo cha mahali pako, anza kuhesabu: dakika 75 kwa chupa za nusu lita, dakika 90 kwa chupa za lita moja. Muda huu ni wa nyama ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Ratiba hizi hazimtaji ngamia. Nyama yake ikaushe. Mtu mmoja akae na sufuria muda wote, asitumwe maji wala kuni.

8. Muda ukiisha, zima moto na uache sufuria ipoe yenyewe. Usimwage maji baridi juu yake, usinyanyue kizito ili kuharakisha. Presha ikiisha kabisa, toa kizito, ngoja dakika 10, kisha fungua mfuniko ukiuelekeza mbali na uso.

9. Simamisha chupa juu ya kitambaa, zisiguse upepo. Zikipoa, bonyeza katikati ya kila kisahani. Kikiwa kimenywea na hakichezi, chupa imefunga. Kikichezacheza, nyama hiyo ichemshwe na kuliwa siku hiyohiyo.

10. Toa pete, osha chupa, andika tarehe, weka kwenye kivuli. Kula ndani ya mwaka mmoja, ukianza na za zamani.

VITU USIVYOWEKA KWENYE CHUPA HIZI

- Maziwa, siagi na samli. Hakuna ratiba salama ya kusindika maziwa kwa presha nyumbani. Maziwa yachemshwe, yagandishwe kwa njia safi, au yauzwe.
- Damu, maini na matumbo. Ratiba ya somo hili ni ya nyama ya misuli tu. Hivyo viliwe vibichi vya siku hiyo, vikiwa vimepikwa.
- Mchuzi uliotiwa unga, wali au viazi vilivyopondwa. Uzito wa mchuzi huzuia joto kuingia.
- Nyama iliyokauka nusu. Nyirinyiri iwe imekauka na kukaangwa mpaka maji yote yametoka. Ile yenye unyevu ikifungwa ndani ya mafuta, hewa haifiki, na ni hatari ileile.

KABLA YA KULA

Kagua kila chupa. Kama mfuniko umevimba, chupa inavuja, inarusha povu au ina harufu mbaya, usionje. Ichimbie shimo refu mbali na mbwa, na unawe mikono kwa sabuni. Lakini jua pia kwamba sumu ya botulizimu inaweza kuwemo bila harufu wala ladha. Kwa hiyo fanya desturi ya boma: nyama ya chupa ichemshwe dakika 10 kabla ya kuliwa, na uongeze dakika moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Kajiado, kwa mfano, chemsha dakika 15 au 16.

Dalili za botulizimu mara nyingi huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Kope hulegea, mtu huona vitu viwiliviwili, mdomo hukauka, maneno hutoka kwa shida, kumeza hushindikana, kisha mikono na kifua hulegea. Mara nyingi homa haipo, na akili ya mgonjwa iko sawa. Usingoje kesho wala usimpe dawa ya duka. Mpeleke hospitali mara moja na ueleze alichokula. Ukiweza, peleka na chupa ikiwa imefungwa ndani ya mfuko. Wote waliokula naye waende pia, hata kama hawajahisi kitu.

KUNUNUA PAMOJA

Familia moja huitumia sufuria hii siku chache kwa mwaka. Kikundi cha familia sita au nane kinaweza kuitumia kila wiki wakati wa kupunguza mifugo. Mkinunua pamoja, kubalianeni mapema mambo haya:

- Itakaa kwa nani, na nani ana ufunguo wa sanduku lake?
- Ni nani wawili waliofundishwa, ambao mmoja wao lazima awepo kila inapotumika?
- Kila familia italipa kiasi gani kwa kila mpiko, ili pesa za mpira na visahani ziwepo?
- Daftari la mipiko liko wapi? Andikeni tarehe, jina la familia, idadi ya chupa, pauni na muda. Chupa moja ikileta shida, mtajua zile nyingine za siku hiyo ziko kwa nani.

Kabla ya kununua, mwombeni afisa ugani au afisa wa uchumi wa nyumbani awaonyeshe kazi hii kwa vitendo. Chombo hiki si cha kujifunzia kwa kubahatisha. Na nyama ya chupa msiipeleke sokoni, kwa sababu chakula cha kuuza kina sheria na ukaguzi wake. Hii ni akiba ya watoto wenu.

MASWALI YA KUJADILI BOMANI

1. Kwa nini nyama iliyochemshwa saa nzima na kufungiwa kwenye chupa bado inaweza kuleta sumu?
2. Boma letu liko kwenye mwinuko gani, na tutatumia pauni ngapi?
3. Mchana wa kiangazi, ni sehemu gani ya nyumba yetu inayobaki baridi kuliko zote?
4. Presha ikishuka dakika ya 60, tunafanya nini?
5. Tukichinja ng'ombe mmoja mwezi ujao, nyama kiasi gani italiwa, kiasi gani itaanikwa, na kiasi gani itaingia kwenye chupa?

Mkiweza kujibu maswali yote matano bila kutazama somo, mko tayari kwenda dukani. Mkikwama, hasa katika la tatu, aniken nyama kwanza, na mwiteni afisa ugani mjadiliane naye.